Rangi za seli kwenye Power BI, kwa wanaoandaa ripoti za mauzo

Wadau wa ripoti na hesabu, leo naandika kuhusu kitu kimoja tu ndani ya Power BI, ile programu ya Microsoft ya kutengenezea ripoti, zile rangi za seli zinazobadilika zenyewe kulingana na namba iliyomo. Watu wengi wanaisifia hii programu kwa chati zake na ramani, ila mimi nikiulizwa kitu gani kinanifanya nisiiache nitasema ni hizi rangi kwenye jedwali. Mwenye biashara hana muda wa kukaa anachambua chati ya duara, anataka jedwali, tawi na namba yake, na jicho liende lenyewe pale penye shida ili ajue asubuhi hii anampigia nani simu.

Mimi naandaa ripoti kwa muuzaji wa pembejeo hapa Mbeya, stoo kubwa iko Mwanjelwa halafu kuna matawi Uyole, Mbalizi, Tukuyu, Vwawa, Ubaruku kule Mbarali, mpaka Makambako. Mbolea za DAP, Urea, CAN, mbegu za mahindi, dawa za viazi, mabomba ya kupulizia, yaani ukiweka matawi yote chini na bidhaa zote juu unapata jedwali ambalo kwenye simu halieleweki kabisa, namba zinafanana tu. Kabla ya rangi mama bosi alikuwa anaangalia jumla pale chini, anasema haya asante, anafunga. Siku hizi anaweka kidole kwenye seli moja na kuuliza "hawa Mbalizi CAN imekuwaje?" na mazungumzo yanaanzia hapo. Hiyo kwangu ndio kazi ya ripoti.

Sasa inavyofanya kazi. Unachagua jedwali lako, unaenda kulia kwenye kale kaalama ka brashi, unashuka mpaka sehemu inayohusu seli, unachagua kolamu unayoitaka, unawasha rangi ya nyuma ya seli kisha unabofya kile kitufe cha fx. Dirisha linafunguka. Mbali na rangi ya nyuma unaweza kubadilisha rangi ya maandishi, ukaweka vibaa (vile vijimstari vinene vinavyorefuka kufuata namba) ndani ya seli, ukaweka ikoni, au ukafanya seli iwe linki. Kwa upande wa rangi kuna njia tatu. Ya kwanza rangi zinakolea na kufifia kutoka namba ndogo mpaka kubwa, ya pili unaweka masharti yako mwenyewe kwamba kuanzia hapa mpaka hapa iwe rangi fulani, na ya tatu unaandika fomula inayotoa jina la rangi au msimbo wake, kama #F4B183, na seli inaitii. Ukifungua mara ya kwanza unakutana na ile ya kukolea na kufifia ikiwa tayari imechaguliwa, na hapo ndipo ripoti nyingi zinapoharibikia.

Ngoja nieleze kwa mfano maana hili ndilo linaloniuma zaidi. Tuseme mwezi huu Mwanjelwa imeuza mifuko 1,800 na lengo lake lilikuwa 2,500. Tukuyu imeuza mifuko 240 na lengo lake lilikuwa 200. Ukiweka rangi ya kufifia kwenye kolamu ya mauzo, nyekundu kwa ndogo na kijani kwa kubwa, Mwanjelwa inawaka kijani kibichi na Tukuyu inakuwa nyekundu kabisa. Wakati ukweli ni kwamba Tukuyu wamepita lengo kwa asilimia 20 na Mwanjelwa wako asilimia 72 tu. Rangi imemsema mtu aliyefanya vizuri na imemsifia aliyebaki nyuma. Ripoti ya kwanza tuliyotengenezewa na kijana mmoja fundi wa hizi mambo ilikuwa hivyo hivyo, na msimamizi wa tawi moja dogo, dada mchapakazi kweli kweli, alikuwa anaonekana mwekundu kila mwezi mpaka akaanza kukata tamaa na hivyo vikao. Hakuna mtu aliyetaka kumuonea, ila ile rangi ilikuwa inalinganisha duka la mjini na duka la kijijini kana kwamba ni mtu na mwenzake.

Kwahiyo kanuni yangu ni moja, rangi ifuate uwiano wa kila tawi na lengo lake, isifuate ukubwa wa namba. Na uzuri wa Power BI ni kwamba inakuruhusu kabisa kupaka rangi kolamu moja kwa kutumia namba za kolamu nyingine. Kwenye lile dirisha kuna sehemu inauliza rangi itokane na fildi ipi, yaani kolamu au fomula gani, hapo unaweza kuacha mauzo yaonekane kama mifuko lakini rangi yake itoke kwenye asilimia ya lengo, na hiyo asilimia si lazima hata ionekane kwenye jedwali. Hiki ni kitu kizuri sana. Mama bosi anasoma mifuko kama alivyozoea, hajaongezewa kolamu yoyote, ila rangi inamwambia habari ya lengo.

Rangi za kufifia sizikatai moja kwa moja. Zinafaa pale vitu vinapolingana kweli, kwa mfano mauzo ya duka hilo hilo kwa siku za wiki, au bei ya debe la mahindi kwenye masoko tofauti siku moja, pale unataka kuona wapi kumepanda wapi kumeshuka. Na unaweza kuweka rangi ya katikati na kutaja mwenyewe namba ya chini na ya juu badala ya kuiachia programu ichague, hii inasaidia, maana ukiiachia ichague halafu siku moja kukawa na oda kubwa ya mtu mmoja, siku nyingine zote zinafifia hadi haionekani tofauti yoyote kati yake.

Kwenye njia ya pili ya masharti kuna mtego ambao nataka kila anayesoma aujue maana nauona kwenye ripoti za watu wengi. Ukiandika sharti, pembeni ya namba kuna kijisehemu cha kuchagua kama hiyo ni namba au ni asilimia. Mtu ana kolamu ya asilimia ya lengo, anaona neno asilimia, anachagua hilo, anaandika kutoka 0 mpaka 50 iwe nyekundu. Inaonekana sawa kabisa. Ila hapo Power BI haielewi "chini ya asilimia 50 ya lengo", yenyewe inaelewa asilimia ya nafasi iliyopo kati ya namba ndogo kuliko zote na namba kubwa kuliko zote kwenye hiyo kolamu. Tuseme tawi la chini lina asilimia 20 na la juu lina 140, nafasi kati yao ni 120, nusu yake 60, ongeza kwenye ile 20 unapata 80. Maana yake kila tawi lililo chini ya asilimia 80 ya lengo linakuwa jekundu, na mwezi ujao mpaka huo unahama tena kwa sababu namba za chini na juu zimebadilika. Mtu mwenye asilimia 75 anaulizwa kwanini yuko chini ya nusu. Dawa yake ni kuchagua namba, halafu unaandika 0.5, kwa sababu asilimia 50 kwa programu ni 0.5. Excel nayo ina tabia hiyo hiyo kwenye zile ikoni zake, ukiziweka bila kugusa kitu zinagawa kwenye 33 na 67 ya ile nafasi ya kati ya ndogo na kubwa, kwahiyo hata huko angalia.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda na ndiyo natumia kwa ripoti zote muhimu. Unatengeneza kipimo, yaani fomula yenye jina lake, kwa DAX, lugha ya fomula ya Power BI, kinachotoa msimbo wa rangi, halafu kwenye lile dirisha unachagua thamani ya fildi na kuelekeza kwenye kipimo hicho. Changu kinakaa hivi:

Rangi = SWITCH(TRUE(), ISBLANK([Mauzo]), "#D9D9D9", [Mauzo] < [Lengo]*0.7, "#F4B183", [Mauzo] < [Lengo], "#FFE699", "#BDD7EE")

Kwa lugha ya kawaida, kama hakuna mauzo yaliyoletwa weka kijivu, kama yako chini ya asilimia 70 ya lengo weka chungwa, kama hayajafika lengo weka njano hafifu, yaliyobaki weka bluu hafifu. Uzuri wake ni kwamba sharti liko sehemu moja. Bosi akisema kuanzia sasa mpaka uwe asilimia 75 nabadilisha hapo tu na majedwali yote yanayotumia kipimo hicho yanafuata, tofauti na masharti ya kuandika kwenye dirisha ambayo inabidi uzunguke jedwali moja moja, kolamu moja moja, na moja lazima utaisahau.

Angalia nimeanza na ISBLANK, ile inayouliza kama seli ni tupu, na hapo sio pa kuhamisha. DAX ikilinganisha kitu kitupu na namba inakichukulia kama sifuri, kwahiyo ukiiweka mwishoni, tawi ambalo halijatuma ripoti litakamatwa na sharti la asilimia 70 kabla halijafika kwenye kijivu, litakuwa chungwa, na kwenye kikao litahesabiwa kama limeshindwa kuuza. Kwa huku kwetu hili jambo ni zito sana. Ubaruku umeme ukikatika au mtandao ukisumbua jioni, karani hawezi kutuma, kesho yake seli iko tupu. Tupu maana yake hatujui. Sifuri maana yake duka limefunguliwa siku nzima na hakuna aliyenunua. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa, na hatua zake ni tofauti, wa kwanza unampigia kumuuliza kama mtandao umerudi na wa pili unaenda kuangalia kuna nini, labda mzigo umeisha, labda jirani kashusha bei. Programu yoyote ya ripoti mimi naipima kwanza hapa, je inaniruhusu kutofautisha tupu na sifuri? Power BI inaruhusu. Hata kwenye ile njia ya rangi za kufifia kuna swali kabisa la seli tupu zifanyweje, zichukuliwe kama sifuri, zisipakwe chochote au zipewe rangi yake, usiliruke hilo swali. Na sisi kijivu tumekubaliana ni cha mtu wa ripoti kufuatilia, bosi hahangaiki nacho, mpaka saa nne asubuhi napaswa niwe nimekipunguza.

Halafu kuna suala la msimu, hapa sio kosa la programu ila rangi bila hili hazina maana. Nyanda za juu kusini kwa sehemu kubwa tuna msimu mmoja wa mvua, unaanza kwenye Novemba unaishia Aprili au Mei. DAP inakwenda wakati wa kupandia, Urea na CAN zinafuata baadaye za kukuzia. Sasa mtu anachukua lengo la mwaka anagawa kwa 12, anaweka rangi, matokeo yake kuanzia Juni mpaka Septemba jedwali zima ni nyekundu na Desemba jedwali zima ni kijani. Rangi ya aina hiyo haina habari yoyote, inamwambia bosi kwamba ni kiangazi, jambo ambalo anaona dirishani. Lengo lazima liandikwe kwa mwezi na kwa tawi. Na matawi nayo hayafanani, Tukuyu mvua ni nyingi sana na zinakaa muda mrefu, wakulima wa viazi milima ya Uporoto hawafuati kalenda ya mkulima wa mahindi wa Mbozi, na wale wa mpunga wa Usangu nao wana ratiba yao ya kupandikiza. Tulivyokaa na wasimamizi wa matawi kila mmoja akataja miezi yake ya moto, tukaandika jedwali la malengo upya, ndipo rangi zikaanza kuaminika. Yule dada wa tawi dogo niliyemtaja juu alikuwa wa kwanza kugundua, akasema sasa hii ripoti inanijua.

Kuhusu rangi zenyewe, mmeona hapo juu sijatumia nyekundu na kijani. Kuna wanaume wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, ni jambo la kuzaliwa nalo na linawapata zaidi wanaume kwa sababu ya namna vinasaba vyake vinavyorithiwa, na wengi wao hawasemi, wengine hawajui hata. Stoo kwetu yupo mmoja, kaka mzuri sana wa kazi, tuligundua alipoulizwa seli nyekundu ni zipi akawa anasoma namba badala ya rangi. Chungwa na bluu anaziona vizuri. Sababu ya pili ni printa. Matawini ripoti inaprintiwa steshenari, na printa ni ya nyeusi na nyeupe, nyekundu ya kati na kijani ya kati zikitoka pale ni kijivu kimoja, huwezi jua nani mzuri nani mbaya. Bluu hafifu na chungwa nazo zinakaribiana kiasi kwenye karatasi, sidanganyi, kwahiyo kwa zile za kuprinti naongeza ikoni.

Ikoni za Power BI ziko vizuri, zina maumbo tofauti, kuna duara, pembetatu, na kile cha almasi, unachagua ikae kushoto au kulia kwa namba, au ionekane yenyewe bila namba. Umbo haliharibiwi na printa. Nashauri uweke ikoni kwa walio chini ya lengo tu na waliobaki uwaache wazi, jedwali lenye ikoni kila seli linachosha macho kama lile lisilo na kitu. Na hili ni kwa rangi pia, kuna watu wanapaka kila kolamu, mauzo, stoo, madeni, faida, kila moja na rangi zake tano, ukifungua unaona kanga. Mimi napaka kolamu mbili tu, mauzo na siku za stoo iliyobaki, nyingine zote nyeupe.

Vibaa vya ndani ya seli navyo nitavisema kidogo, ni vizuri kwa madeni. Wakulima na maduka madogo wanaochukua kwa mkopo wakipangwa kutoka mkubwa mpaka mdogo na kibaa kinaonekana, unaona mara moja kwamba watu watatu wamebeba nusu ya deni lote. Vinafanya kazi kwenye kolamu za namba tu, na vina rangi ya upande wa chanya na ya upande wa hasi.

Yanayonikera sasa. La kwanza ni kwamba huwezi kupaka mstari mzima kwa mara moja. Ukitaka Vwawa yote iwe chungwa kuanzia jina la tawi mpaka kolamu ya mwisho inabidi uingie kolamu moja moja na kurudia kilekile, kolamu kumi ni kurudia mara kumi. Excel hii kazi ni ya fomula moja. Sijui kwanini hawajaiweka maana ni kitu cha kawaida sana mtu kukitaka. La pili, ukitoa data ya jedwali kwenda Excel namba zinakwenda rangi zinabaki, kwahiyo mhasibu akitaka kuifanyia kazi huko anaanza kupaka upya. Ukitoa kama PDF rangi zinakwenda vizuri bila shida. La tatu ni mstari wa jumla, kuna sehemu ya kuchagua rangi iende kwenye namba za ndani tu, au na jumla pia, au jumla peke yake. Kama masharti yako ni ya idadi kamili, mfano zaidi ya mifuko 500 iwe bluu, usiruhusu jumla iingie, jumla siku zote itapita na itakuwa bluu hata kama matawi yote yameanguka.

Bei. Power BI Desktop, ile ya kuweka kwenye laptopu na kutengenezea ripoti, ni ya bure, ila ni Windows tu, mwenye Mac atafute njia nyingine. Kulipia kunaanza pale unapotaka kuwapa wengine waone mtandaoni, leseni ya Pro ni dola 14 kwa mtu mmoja kwa mwezi, ilikuwa 10 ikapandishwa Aprili 2025, na kwa biashara za saizi yetu anayetazama tu naye anahitaji leseni, sio anayetengeneza peke yake. Piga hesabu ya wasimamizi wa matawi wote kwa shilingi uone inavyofika. Sisi tumelipia mimi na mama bosi, wengine wote nawatumia PDF WhatsApp kila Jumatatu asubuhi na wanaridhika, faili ni dogo hata bando halisumbui, na rangi zinaonekana zilivyo. Kuna njia ya kuchapisha ripoti wazi kwenye wavuti bila leseni za watazamaji, nimeona watu wanaelekezana kama ujanja. Jamani msifanye hivyo kwa data za biashara, ile linki mtu yeyote duniani akiipata anaona kila kitu, mauzo yako, wateja wako, bila kuulizwa nywila.

Kuna swali naulizwa sana, kwanini tusibaki na Excel. Mkibaki nayo hamjakosea. Excel ilianza na hizi rangi za masharti toleo la 97, wakati huo mwisho masharti matatu kwa seli, toleo la 2007 ndilo lililoondoa huo mpaka na kuleta rangi za kufifia, vibaa na ikoni. Kwa duka moja au mawili inatosha kabisa. Shida yake inakuja faili likiwa linapita mikononi mwa watu, kila mtu anakopi mistari na kubandika, na kila anapobandika yale masharti yanakatika vipande, baada ya muda ukifungua orodha ya masharti unakuta lile moja limekuwa marundo, lingine linagusa mistari ya 2 mpaka 14, lingine 15 tu, lingine 16 mpaka 40, na wala hujui ipi imebaki bila rangi. Kwenye Power BI data inakaa kwake na rangi inakaa kwake, karani akileta data mpya hawezi kugusa rangi hata akitaka. Hilo tu lilitosha kunihamisha.

Na kwa mwenye duka hapa Mbeya mjini, pale Kabwe au Soweto, ambaye hana hela ya leseni na karani wake anatumia simu, mimi namuelekeza Google Sheets. Ni bure, rangi za masharti zipo na za kufifia zipo, ikoni na vibaa ndio hakuna. Mstari mzima unapakika, unachagua A2 mpaka F60, unaenda kwenye fomula yako mwenyewe unaandika =$C2<$B2*0.7, B ikiwa lengo na C mauzo, zile alama za dola mbele ya herufi ndizo zinazofanya mstari wote ufuate kolamu hizo mbili, ukizisahau rangi zinaruka ruka hovyo. Juu ya hiyo Sheets unaweza kuunganisha Looker Studio, programu ya ripoti ya Google iliyowahi kuitwa Data Studio, nayo ni bure, ina jedwali la rangi na kwenye masharti yake unaweza kupaka seli moja au mstari mzima. Haina nguvu ya DAX, malengo ya kila tawi kwa kila mwezi utayahangaikia kidogo, lakini kwa bei hiyo ni kitu kizuri sana.

Kwa Power BI upande wa hizi rangi natoa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya kutopaka mstari mzima na kwa lile neno asilimia kwenye masharti, ambalo kwa kweli walipaswa kuliandika kwa namna isiyopoteza watu. Mwenye matawi kuanzia matano kwenda juu na mtu mmoja wa kukaa na laptopu, aichukue, ila aanze na jedwali la malengo ya kila mwezi kabla hajafungua programu yenyewe. Sisi tunaandika malengo mapya Septemba, kabla mzigo wa kupandia haujaanza kupakiwa kwenda matawini.